Fundi Saa ni wa Nani?

4 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana barua iliyopita nilisahau kukuamkia na baba akanisema kutwa nzima. Sisi ni wazima. Mguu wa baba bado unamsumbua, lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote. Anashinda kwenye kiti chake dirishani akikagua wapita njia, utadhani bado ni mlinzi wa lango la kiwanda. Anakusalimu sana. Ameniamuru niandike "sana" mara mbili, kwa hiyo: sana. Paka naye amezaa ndani ya kabati la nguo, watoto wanne, na sasa sina pa kuweka sketi zangu.

Habari yangu ni kwamba nimepandishwa cheo. Tangu mwezi uliopita mimi ni msimamizi wa zamu hapa kiwanda cha kufulia, upande wa pasi, kule mashuka ya hospitali na ya hoteli yanakopitishwa kwenye roli za moto. Meneja aliniita mwenyewe ofisini. Basi, ndiyo hivyo.

Sasa tuje kwenye la maana. Shangazi, hiyo tamthilia yenu itatuua! Kila Ijumaa, zamu ikiisha, chumba cha chai kinajaa mpaka watu wanakalia ndoo. "Mji Usiotua" ukianza, hata Mama Mvuke ananyamaza, na huyo kumnyamazisha ni kazi. Watu wa Juu wanakula raha kwenye mji wao unaoelea angani, wachimbaji wanawachimbia barafu kule chini kwenye mwezi mkavu, na Fundi Saa anapanda na kushuka akitengeneza saa za pande zote mbili. Kila upande unaamini ni jasusi wake. Sehemu ya sita alikaa na wachimbaji wanapopanga mgomo, akala nao, akacheka nao, kisha akatoa kidaftari akaandika majina yao. Chai yangu sikuimaliza.

Ni wa nani yule? Wewe ndiye fundi wa mavazi, wewe ndiye unayemvisha kila asubuhi, lazima unajua. Niambie mimi tu. Mtu anaweza kukaa na watu, akala nao, akaandika majina yao, na bado akawa mtu mzuri? Nijibu haraka. Wenzangu nao wanabishana mpaka mishipa inawatoka, ila nikiingia mimi wanakatisha. Nadhani ni kwa sababu ya cheo.

Ni mimi, Chiriku wako.


19 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, na ile ya akiba nimeiweka mfukoni. Mimi mzima, isipokuwa vumbi. Tuko kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, ndiyo mwezi wenyewe huo unaouona kwenye televisheni, na kila jioni nakung'uta wachimbaji ishirini kama mazulia. Simu zetu zimefungiwa kabatini mpaka kazi iishe, wasije watu wakamwaga siri. Barua zinaondoka na lori la vifaa mara moja kwa wiki, na kabla ya kuondoka karani wa ofisi anazifungua na kuzisoma. Karani, ukifika hapa, habari za asubuhi. Kile kifungo cha shati lako njoo nikushonee, unatembea kifua wazi kama mlevi.

Kuhusu Fundi Saa nimetia sahihi karatasi ndefu kuliko mimi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba koti lake la kijivu

(Mistari mitatu hapa imefutwa kwa wino mweusi.)

na zaidi ya hapo usiniulize.

Sasa na mimi nikuulize. Umeniandikia ukurasa mzima wa mtu asiyekuwepo duniani, na cheo chako umekipa mistari minne ukamalizia na "basi, ndiyo hivyo". Wewe! Ambaye ulipong'oka jino uliniandikia kurasa tano! Mimi ninayajua yale maroli ya pasi. Kwa nini meneja awaruke wanawake waliofanya kazi miaka ishirini pale, akupe wewe? Anataka nini kwako?

Niandikie ukweli. Na paka mpe hongera.

Shangazi yako.


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba hajambo, na mguu unaendelea. Watoto wa paka wamefumbua macho. Baba aliuliza kama umemjibu salamu zake, nikamwambia ndiyo, umemjibu. Umempongeza paka, shangazi, hukumsalimu kaka yako. Sijui mna nini nyinyi wawili na sijawahi kuthubutu kuuliza.

Karani wenu ana wino mwingi.

Haya, ukweli wenyewe ni huu. Roli za pasi hazina kinga. Tangu mwaka jana wanawake wawili wameungua mikono, mmoja hawezi kukunja vidole. Wenzangu wanakutana kwa siri kuandika barua ya madai, na siku wakiipeleka watazima roli zote mpaka kinga zifungwe. Meneja amenusa. Akaniita, akanivika kilemba cha ukoka, eti nina akili, eti nitafika mbali. Kisha akasema ananipa usimamizi, na ifikapo mwisho wa Machi nimpe majina ya wanaopanga. Nisipompa, cheo hakuna, kazi labda hakuna, na nyumba tunayokaa ni ya kiwanda, nisisahau hilo.

Niliitikia kwa kichwa. Sikusema ndiyo, shangazi, lakini niliitikia kwa kichwa, nikatoka na kitambulisho kipya shingoni. Tangu siku hiyo nakaa nao, nakula nao, nacheka nao. Mama Mvuke hapendi hata kunitazama. Juzi alinipita na toroli la mashuka akasema, "Ukoo wenu naujua mimi." Nikajitia hamnazo.

Na kuna jambo jingine. Nilipokuwa natoka, meneja aliniambia, "Baba yako alikuwa mtu mwelewa sana." Alikuwa mwelewa wa nini? Nilimuuliza baba jioni. Akaniomba nimletee chai, na chai alikuwa ameishika mkononi.

Chiriku.


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, najua. Lori liliharibika wiki moja, hizo nyingine ni mimi mwenyewe niliyeharibika. Barua hii nimeiandika mara tatu na mbili nimezichana. Haipiti kwa karani. Dereva wa lori ameificha ndani ya kofia yake, nami nimemshonea suruali mbili bure, kwa hiyo ningeweza kukuambia Fundi Saa ni wa nani na asijue mtu. Sikuambii, nimetia sahihi. Nitakuambia mimi nilikuwa wa nani.

Miaka ishirini na mitano iliyopita nilikuwa kwenye roli hizohizo. Tulikuwa wanawake tisa, na tulichokuwa tunapanga ndicho hichohicho mnachopanga nyinyi, aibu iwafikie wenye kiwanda. Mama Mvuke alikuwa hajawa mama wa mtu, tulimwita Mvuke tu, na alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Tulikutana stoo, baada ya zamu. Baba yako alikuwa langoni, na mlinzi wa lango anaona nani anatoka saa ngapi.

Asubuhi moja tukakuta karatasi ukutani. Majina manane, wenyewe wafike ofisini wachukue vitu vyao waondoke. Nikasoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulikuwa tisa, na langu halikuwepo. Nilipogeuka, wote walikuwa wananitazama mimi. Mvuke alitema mate karibu na mguu wangu akasema, "Umetuuza."

Nilikimbia nyumbani kumlilia kaka yangu. Nilimkuta ananawa mikono, ananawa tu, maji yanamwagika. Akasema, "Lako nimelitoa. Nimekuokoa, dada." Alikuwa anasubiri nimshukuru, Chiriku! Hakuwaza kwamba katika watu tisa, yule mmoja anayeachwa ndiye wanayemshuku.

Ningeweza kurudi nikawaambia ni yeye. Wangemvunja. Mama yako alikuwa kitandani, wewe una mwaka mmoja, na aliyekuwa anakubeba mgongoni ni mimi. Nikafunga nguo zangu nikaondoka mji. Mvuke nilisikia baadaye kwamba walimrudisha kazini, kiwanda kilipokosa watu. Nimekuwa jasusi wa kiwanda kile miaka ishirini na mitano bila kufanya hata siku moja ya kazi hiyo.

Sikuagizi ufanye nini. Una baba mgonjwa na nyumba isiyo yako, mimi nilikuwa na begi moja. Lakini ujue kwamba karatasi ile haiishii ofisini kwa meneja. Usimwambie baba yako kwamba nimekuambia.

Shangazi.


11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia tarehe tisa, siku ile ya mwisho wa Machi ilikuwa imeshapita. Nilikwenda ofisini mikono mitupu nikasema bado nachunguza. Meneja alitabasamu akaniongezea mpaka mwisho wa mwezi huu, akasema hataongeza tena.

Nina hasira na wewe. Nisamehe, lakini ninayo. Nina hasira na baba pia, namwekea chakula mezani bila neno, naye haulizi kwa nini, na kule kutouliza kunanikata maini zaidi. Wewe kwa nini ulinyamaza? Mtu amekaa dirishani miaka yote anaamkiwa na watu, na wewe uko machimboni unakula vumbi, na huku jina lako likitajwa watu wanatema mate! Mara moja tu ungesema!

Na sikukuambia jambo moja. Majina nimeyaandika, yote kumi na moja. Niliyaandika kabla barua yako haijafika, nijaribu tu nione mkono utakataa. Haukukataa. Ilichukua dakika mbili. Karatasi iko ndani ya kiatu changu cha kushoto, naikanyaga siku nzima.

Wiki mbili zijazo Fundi Saa anamaliza. Sitaki tena kujua ni wa nani.

Chiriku.


22 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba mwanangu. Hasira yako imefika salama, nimeipokea kwa mikono miwili.

Umeuliza kwa nini nilinyamaza. Nilimpenda kaka yangu kuliko nilivyopenda kusafishwa jina. Hiyo ni moja, na kwa hiyo sijuti. Ya pili ni kiburi. Nilijiambia kwamba Mvuke ananijua, na anayenijua hahitaji kuambiwa, atanitafuta mwenyewe. Nikakaa nasubiri. Hakuna aliyekuja, na mimi sikwenda, miaka ikakimbia. Hilo la pili ndilo linaloniuma.

Jana nilikuwa nampima Fundi Saa mabega, koti limelegea, amekonda kwa hili jua. Ni mzee mpole, anapenda karanga. Nikamuuliza mwongozaji alimwambia lini yeye ni wa nani. Akacheka. Akasema hawakumwambia mpaka wiki iliyopita, wanaficha hata kwake! Nikamuuliza sasa uliwezaje kuigiza muda wote huo? Akasema, "Mama, niliamua mwenyewe siku ya kwanza. Nisingeamua, ningekaa vipi na wale wachimbaji mezani? Ningewatazama kwa macho gani?"

Nakuandikia tu alivyosema.

Mkono kutokukataa kusikutishe. Mkono wa kaka yangu nao haukukataa, na ni mtu mwema, nakuambia mimi niliyezaliwa naye. Mkono unaandika chochote. Tarehe thelathini bado haijafika.

Mwambie baba yako salamu zake nimezipata.

Shangazi.


10 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Kaa chini kwanza. Weka sindano pembeni.

Ijumaa ile ya sehemu ya mwisho sikwenda chumba cha chai, nilishindwa kuwatazama wenzangu. Nikaangalia nyumbani na baba, yeye kwenye kiti chake, mimi sakafuni. Unajua ilivyokuwa, lakini acha nikuambie tulivyoiona sisi. Wachimbaji wamemzunguka Fundi Saa, wanamwita msaliti, yule mwanamke aliyempenda anamtupia jiwe. Na yeye hajitetei. Ndipo koti likachanika kwa lile jiwe, na ndani bitana yote imeshonewa majina yao, kila mmoja na namba ya chombo atakachotorokea. Kidaftari kile kilikuwa cha kuwaokoa! Muda wote alikuwa mtu wao, na aliwaacha wamchukie ili wa Juu wasimshuku.

Niligeuka kumwambia baba kwamba mishono ile ni ya mkono wako. Baba alikuwa analia. Shangazi, sijawahi kumwona analia, hata mama alipotutoka alikwenda kulilia uani. Akasema, "Alinyamaza hivyohivyo dada yangu." Nikamwambia najua, baba. Akaniuliza unajua tangu lini, nikamwambia. Akasema, "Na wewe wamekuomba." Hakuuliza, alisema. Nikavua kiatu cha kushoto nikampa ile karatasi. Aliisoma mpaka chini. Kisha akanirudishia, akasema hiyo si yake tena, akaniuliza wenzangu wanakutana lini na wapi, akaniomba nimtafutie fimbo yake.

Mkutano ulikuwa Jumatatu, na barua yako ilinifikia asubuhi hiyohiyo. Nilipiga moyo konde. Niliingia stoo, nikawaambia kila kitu: kitambulisho nilipewa kwa nini, nimeahidi nini kwa kichwa, nimeandika nini. Nikawaonyesha karatasi. Mama Mvuke akasimama akasema, "Nilijua. Shangazi yake naye alikuwa hivihivi."

Ndipo mlango ukagongwa, baba huyo na fimbo yake. Kutoka nyumbani mpaka stoo kwa mguu ule, shangazi! Hakusalimia hata mtu. Akasema, "Si dada yangu. Ni mimi. Nilikuwa langoni, niliwaona nyote tisa, nikaandika manane. Lake nililiruka mimi." Akakosa pumzi. Akasema tena, "Ni mimi," kama mtu anayeogopa hawajasikia.

Mama Mvuke alimwendea. Nilifikiri anampiga, na baba alifikiri hivyohivyo, maana alifumba macho. Hakumpiga. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akafunika uso kwa kanga. Hakuna aliyemgusa.

Baada ya hapo ndipo wakaniambia niichane ile karatasi, nikaichana. Kisha Mama Mvuke, macho mekundu, akaniambia, "Mwandiko wako mzuri. Chukua karatasi nyingine." Nikakaa na kalamu, wakapanga foleni, kila mmoja akanitajia jina lake mwenyewe niliandike chini ya barua ya madai. Jina la kwanza niliandika langu. Zamu ya asubuhi nao wakaja kesho yake. Tulifika majina sitini na mawili.

Tarehe thelathini nilimpelekea meneja. Nikamwambia, "Majina haya hapa, ulisema yafike mwisho wa mwezi." Alisoma ukurasa wa kwanza akaacha kutabasamu. Kufukuza watu sitini na wawili hawezi, mashuka ya hospitali hayajifui yenyewe, na tulizima roli siku mbili ili alijue hilo. Cheo amenivua, nimerudi kukunja mashuka. Kuhusu nyumba ametuandikia barua ya vitisho, tumeipeleka kwa mwanasheria wa chama cha wafanyakazi, anasema tusihame. Roli mbili kati ya tano zimefungwa kinga. Tatu bado, na tumempa tarehe. Sasa ni sisi tunaompa tarehe!

Baba hali vizuri kwa aibu, lakini kila siku anatoka kwa fimbo kwenda kwa mmoja wa wale wanane. Wawili wamemfungia mlango. Mmoja alimpa maji ya kunywa. Anataka akuandikie, anaandika na kuchana, mmefanana kweli. Mvumilie.

Kuna mtu amesimama nyuma yangu ananihimiza nimalize. Anataka nafasi iliyobaki ya ukurasa huu na amekataa kuniambia ataandika nini.

Chiriku wako.

Wewe,

Ni mimi Mvuke. Sina mwandiko kama wa huyu mtoto, soma polepole. Lile gauni la harusi ulilonishonea nililikata matambara ya kusugulia masufuria, na kila nikisugua nilikuwa nakutukana. Miaka yote hiyo. Masufuria yaling'aa sana. Juzi nimetafuta nione kama hata kipande kimebaki, hakuna.

Nilipaswa kukujua. Mimi ndiye niliyepaswa kukujua kuliko wote.

Binti yangu anaolewa Septemba. Amepata mafundi watatu na wote nimewakataa, anadhani mama yake amerukwa na akili. Njoo na cherehani yako. Kitambaa nitanunua mimi, na kitanda kipo.